Daftari la Ghala Lililo Ndani ya Kompyuta



Zamani karani wa shamba alipopoteza kitabu cha mahudhurio, kila mtu alijua. Kitabu kilionekana kwa macho, na kilipokosekana kilikosekana mbele ya watu wote. Siku hizi siku zetu za kazi, kilo za majani ya chai tunazochuma, saa za ziada kiwandani na ada ya chama vimetiwa katika kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo ni moja tu, nayo iko katika ofisi ambayo mfanyakazi hapiti mlangoni pake. Siku ikigoma tunaambiwa maneno mawili: kumbukumbu zimepotea. Aliyepotelewa si mashine, wala si karani. Ni mchumaji anayedai kilo zake za mwezi, au mzee anayestaafu na kudai kiinua mgongo cha miaka aliyofanya kazi.

Nawaombeni maneno hayo mawili tusiyapokee upesi. Mara nyingi kumbukumbu hazikupotea. Kilichoharibika ni daftari linaloonyesha zilipowekwa, na zipo amri za kulisoma daftari hilo na kulitengeneza, tena za bure. Katika shamba moja nililolihudumia, akina mama wachumaji waliambiwa kwamba kilo zao za wiki sita hazipo tena. Halmashauri ya tawi ikashikilia kwamba aletwe fundi. Fundi alikaa mbele ya mashine muda mfupi kuliko mapumziko ya chakula cha mchana, na kilo zote zikaonekana. Amri aliyoitumia ilikuwamo ndani ya mashine ile ile siku zote. Hakuna aliyewahi kuijaribu, kwa hiyo hakuna aliyejua kuwa ipo.

GHALA NA KADI ZAKE

Kila aliyefanya kazi ya stoo ataelewa jambo hili haraka kuliko msomi. Stoo ina mali, na stoo ina karatasi. Mali ni magunia, mapipa, vipuri. Karatasi ni leja, kadi za rafu, na ubao wa mlangoni wenye kuonyesha idadi ya rafu na nafasi zilizobaki. Chomeni karatasi zote usiku mmoja, na asubuhi magunia yatakuwapo vile vile, ila hakuna atakayejua lipi ni la nani, limeingia lini, na lile dogo la mbegu limewekwa pembe gani.

Diski ya kompyuta ni stoo ya namna hiyo. Majina na hesabu zetu ndiyo mali. Karatasi zake wataalamu huziita metadata, yaani habari zinazoeleza habari nyingine. Katika mashine zinazotumia Linux, mpangilio wa stoo ulioenea sana unaitwa ext4, nao ndio nitakaoutolea mfano. Diski imegawanywa katika vipande vidogo vilivyo sawa, viitwavyo bloku, na kwa kawaida bloku moja ni baiti 4096. Ubao wa mlangoni unaitwa superbloku: unasema stoo ina bloku ngapi, ngapi ni tupu, na kama stoo ilifungwa vizuri mara ya mwisho. Kadi ya kila faili inaitwa inodi. Kadi hiyo ina mwenye faili, ukubwa wake, saa lilipobadilishwa, na bloku ambamo limelazwa.

Jambo moja huwashangaza watu. Jina la faili halimo katika kadi yake. Jina limeandikwa mahali pengine, katika orodha ya folda, na mbele ya jina pana namba ya kadi. Ni sawa na daftari la zahanati: jina lako limo katika daftari la mapokezi pamoja na namba, na habari za ugonjwa wako zimo katika kadi yenye namba hiyo. Kwa sababu hiyo faili laweza kupoteza jina na bado likawa zima. Mashine ikipata kadi isiyo na jina wakati wa kutengeneza, huitia katika folda iitwayo lost+found na kuipa namba yake kuwa jina. Mtu asiyejua hupita folda hiyo kila siku akidhani ni takataka.

Mpangilio huu una historia yake. Linus Torvalds alianza Linux huko Helsinki, nchini Finland, mwaka 1991. Mwaka 1993 Mfaransa Rémy Card akatengeneza ext2. Mwaka 2001 ext3 ikaingizwa katika Linux, na ndani yake kijitabu cha kando: karani huandika kwanza kazi anayotaka kuifanya, ndipo anaifanya, ili umeme ukikatika katikati mashine isome kijitabu na kumaliza. Ext4 ikatangazwa kuwa tayari mwaka 2008. Zana za kuichunguza zimo katika mkoba mmoja uitwao e2fsprogs, ambao umetunzwa kwa miaka mingi na Theodore Ts'o, naye ni Mmarekani. Mkoba huo ni wa bure na sheria yake inaruhusu mtu yeyote autumie na kuugawa. Kwa hiyo mwajiri akisema chombo cha kukagua ni ghali, kwa stoo ya ext4 hilo si kweli.

Kijitabu cha kando kimepunguza ajali, hakikuziondoa. Kwetu umeme hukatika, mtu huchomoa diski ya nje kabla haijafungwa, na ofisi nyingi hupewa mashine zilizokwisha kutumika mahali pengine, diski zake zimechoka.

KUWEKA ZANA

Zana hizi hazina picha za kubonyeza. Ni amri za kuandika kwa herufi katika dirisha jeusi, mstari mmoja mmoja, kisha kitufe cha kuingiza. Wengi huliogopa dirisha hilo. Mimi naliona ni jambo jema, maana amri iliyoandikwa yaweza kunakiliwa katika karatasi, ikapigwa mhuri, na mtu mwingine akairudia mwaka ujao herufi kwa herufi. Picha za kubonyeza hazinakiliki.

Katika Linux za namna ya Debian na Ubuntu, e2fsprogs kwa kawaida imo tayari. Ulizeni hivi:

mke2fs -V

Ikijibu namba ya toleo, ipo. Ikijibu kwamba amri haijulikani, msikimbilie kusema haipo. Katika Debian zana za namna hii zimewekwa katika folda ya /sbin, na mtumiaji wa kawaida hatazamiwi huko. Andikeni njia yote:

/sbin/mke2fs -V

Nimeona fundi aliyelipwa akirudi mjini kwa kukosa kujua jambo hilo dogo.

Chombo cha pili hakimo kila mahali. Kinaitwa smartmontools, nacho huuliza afya ya diski yenyewe, maana diski za kisasa huweka hesabu ya makosa yao ndani yao. Kinawekwa kwa amri hii, mtandao ukiwapo:

sudo apt install smartmontools

Neno sudo mwanzoni maana yake ni kuomba ruhusa ya mtumiaji mkuu, ambaye mashine humwita root. Mtumiaji mkuu aweza kufuta kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Kwa hiyo majaribio ninayoyaeleza hapa chini nimeyapanga yafanyike bila sudo hata mara moja. Kama mkijikuta mnaandika sudo katika jaribio hili, simameni, mmeacha njia.

GHALA LA BANDIA

Hakuna mtu anayejifunza kuzima moto kwa kuichoma nyumba yake. Tunajenga kibanda. Linux inaweza kulichukua faili moja la kawaida na kulifanya kana kwamba ni diski nzima. Kwanza tunatengeneza faili la gigabaiti 1:

truncate -s 1G ghala.img

Faili hilo linatajwa kuwa la gigabaiti 1, lakini kwa kuwa ni tupu halichukui nafasi hiyo yote katika diski. Kisha tunalipangia rafu na kadi:

mke2fs -t ext4 ghala.img

Hapa mashine itaandika mistari kadhaa, na mmoja ni wa kunakiliwa katika karatasi kabla ya mengine. Ni mstari unaotaja bloku zilizowekewa nakala za superbloku. Kwa ghala la gigabaiti 1 lenye bloku za baiti 4096, namba hizo ni 32768, 98304, 163840 na 229376. Maana yake ni kwamba aliyepanga mfumo huu alijua ubao wa mlangoni waweza kuungua, akaficha nakala za ubao ule ule ndani ya stoo, mbali mbali. Akiba hiyo imo katika diski nyingi za maofisini, na wenye ofisi hawajui.

Sasa tunatia mali. Andikeni faili lenye majina machache ya kubuni, liite majina.txt. Msitumie majina ya wanachama wa kweli katika jaribio. Halafu:

debugfs -w -R "write majina.txt majina.txt" ghala.img

Na kuangalia kadi yake:

debugfs -R "stat majina.txt" ghala.img

Mtaona namba ya kadi hiyo. Namba 11 imechukuliwa na ile folda ya lost+found, na zilizo chini yake zimewekwa akiba kwa kazi za mfumo wenyewe. Mtaona ukubwa, saa, na bloku lilipolazwa. Kaeni hapo kidogo. Mwenye kuona kadi hii mara moja kwa macho yake hatadanganywa tena kwamba kompyuta ni uchawi.

Ubao wa mlangoni unasomwa hivi:

dumpe2fs -h ghala.img

Tafuteni mistari mitatu: idadi ya bloku, ambayo ni 262144, idadi ya kadi, ambayo kwa kawaida ni 65536, na hali ya ghala, ambayo huandikwa kwa neno clean, yaani safi.

KULIVUNJA KWA MAKUSUDI

Sasa ndipo jaribio lenyewe linapoanza. Chombo cha kutengeneza ambacho hakijawahi kutengeneza kitu mbele yenu ni maneno tu. Kwanza wekeni nakala ya ghala zima, ili mkikosea mrudie:

cp ghala.img nakala.img

Kisha tunaufuta ubao wa mlangoni kwa kuandika sifuri katika bloku ya kwanza:

dd if=/dev/zero of=ghala.img bs=4096 count=1 conv=notrunc

Isomeni amri hii mara tatu kabla ya kuigonga. Baada ya of= lazima liwe jina la faili lenu la bandia, wala si kitu chochote kinachoanza na /dev. Na maneno conv=notrunc ya mwishoni yasisahauliwe, maana bila hayo dd italikata faili na kuliacha na baiti 4096 tu, na hapo hakuna wa kuokoa kitu.

Mkirudia dumpe2fs -h ghala.img, mashine itakataa. Itasema kwamba namba ya alama katika superbloku si sahihi. Hayo ndiyo maneno ambayo karani huyasoma, akageuka na kuwaambia wafanyakazi kumbukumbu zimepotea. Lakini ninyi mnajua kwamba majina.txt halikuguswa. Tumefuta bloku 1 katika bloku 262144.

Tengenezeni kwa kuionyesha mashine nakala ya kwanza ya ubao. Mara ya kwanza kwa kutazama tu, bila kubadilisha kitu:

e2fsck -fn -b 32768 ghala.img

Halafu kwa kutengeneza kweli:

e2fsck -fy -b 32768 ghala.img

Huenda mashine ikalalamika kwamba hesabu za nafasi tupu hazilingani na ikazisahihisha. Msiogope, maana nakala za ubao haziandikwi upya kila mara kama ubao wenyewe. Pia mjue kwamba e2fsck ikipewa ghala lililoharibika bila kuambiwa namba, hujaribu yenyewe kutafuta nakala. Hata hivyo namba katika karatasi ni bora, maana siku ya msiba hatutaki kubahatisha.

Ikimaliza, iulizeni matokeo papo hapo, kabla ya kuandika amri nyingine yoyote:

echo $?

Itatoa namba. Sifuri maana yake haikukuta kosa. Namba 1 maana yake ilikuta makosa na imeyatengeneza, na ndiyo tunayoitazamia hapa. Namba 4 maana yake makosa yamebaki. Namba 8 maana yake chombo chenyewe kimeshindwa kufanya kazi. Namba hii naipenda kuliko maelezo yote ya fundi, maana haina lugha na haina upendeleo. Fundi akisema "tumeshughulikia," mwambieni aandike namba.

Bado kazi moja. Ghala kusemwa limetengenezwa si sawa na mali kurudi. Toeni faili na kulilinganisha na la mwanzo:

debugfs -R "dump majina.txt yaliyorudi.txt" ghala.img

cmp majina.txt yaliyorudi.txt

Amri ya cmp isiposema lolote, mafaili mawili yanalingana herufi kwa herufi. Rudieni jaribio zima kutoka nakala.img kwa namba 98304 badala ya 32768, na safari hiyo kibodi ishikwe na mtu mwingine. Anayejua peke yake akihama kazi au akiugua, tawi limerudi gizani.

WALIOKUWA NA NJIA TANO

Msidhani mambo haya ni ya ofisi maskini tu. Kampuni ya GitLab huwatunzia watengenezaji wa programu kazi zao, na wateja wake wako dunia nzima. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mfanyakazi mmoja alikuwa akihangaika na tatizo la seva mbili, moja kuu na moja ya akiba. Saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Akatoa amri ya kufuta folda akidhani yuko katika seva ya akiba, kumbe yuko katika ile kuu. Alipoikatiza, sekunde chache tu zilikuwa zimepita. Katika gigabaiti kama 300 zilibaki kama 4.5.

Kampuni ile ilikuwa na njia tano za kujikinga. Walipozigeukia, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Mojawapo ni chombo cha kuchukua nakala ambacho toleo lake lilikuwa 9.2, wakati hifadhi ya kumbukumbu ilikuwa toleo 9.6, kwa hiyo kilikuwa kikikataa kila siku. Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini nazo zilikataliwa njiani, na hakuna aliyeziona. Walichookolea ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa kama 6 kabla ya ajali, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Huduma ilisimama kwa muda wa saa 18 hivi, na kazi za zile saa 6 hazikurudi.

Nina neno la kuwasifu. Walipoandika taarifa yao kwa watu wote hawakumtaja mfanyakazi yule kwa jina, walimtaja kwa namba tu, na walisema wazi kwamba kosa ni la utaratibu usiokuwa na mwenyewe wa kuupima. Waajiri wangapi kwetu wangefanya hivyo? Hapa kwetu kijana wa kompyuta angekwisha kusimamishwa kabla ya saa ya chai, na chombo kilichokataa kila siku kingebaki vile vile.

DISKI YA KWELI

Baada ya ghala la bandia tunaweza kuizungumzia diski ya kweli, kwa tahadhari. Kwanza, kompyuta ya mwajiri msiiguse. Hata kama mnajua kuitengeneza, mtampa sababu ya kuwafukuza kazi, na sheria itakuwa upande wake. Kazi yenu huko ni kudai, na nitasema mnadai nini. Hapa nasema juu ya kompyuta ya tawi.

Amri ya lsblk -f huonyesha diski zote, aina ya mpangilio wake, na kitambulisho kirefu cha kila moja kiitwacho UUID. Nakilini kitambulisho hicho. Majina mafupi kama sda na sdb hayaaminiki, maana diski ikichomekwa pengine au mashine ikiwashwa upya, iliyokuwa sdb leo yaweza kuwa sda kesho. Na kamwe e2fsck isitengeneze diski inayotumika wakati huo huo. Ni sawa na makarani wawili kuandika leja moja bila kuonana.

Afya ya diski huulizwa hivi:

sudo smartctl -a /dev/sda

Katika diski za sahani zinazozunguka tazameni mistari ya namba 5, 197 na 198. Hiyo huhesabu sehemu zilizokufa na sehemu zinazotia shaka. Hesabu ikiwa sifuri ni vizuri. Ikiwa inapanda wiki hadi wiki, diski inakufa, hata kama mstari wa juu unasema imefaulu. Na diski inayokufa haitengenezwi kwa e2fsck, maana kila kuandika huzidi kuiumiza. Mali hunakiliwa kwanza kwenye diski nyingine, na chombo kizuri cha kazi hiyo ni ddrescue, kisha nakala ndiyo itengenezwe.

Kuna amri nyingine ambayo ningependa kila tawi liijue. Ni e2image. Yenyewe huchukua karatasi za stoo tu, bila mali, na kuziweka katika faili dogo:

sudo e2image /dev/sdb1 daftari.e2i

Badala ya sdb1 wekeni jina mliloliona katika lsblk, na faili hilo liwekwe katika diski nyingine, maana leja haifichwi ndani ya stoo inayoweza kuungua. Haichukui nafasi ya nakala ya kumbukumbu zenyewe. Ni karatasi tu, lakini fundi aweza kuzisoma wakati za asili hazisomeki.

Fundi wa mbali akiomba karatasi hizo, tumieni akili. Kwa namna ya -r e2image huchukua pia majina ya mafaili na folda. Na majina ya mafaili ya chama yanasema mengi. Faili liitwalo majina ya wajumbe wa mgomo limekwisha kumwambia adui habari kabla halijafunguliwa. Kwa hiyo hutumiwa -r pamoja na -s, na -s huyavuruga majina yote. Wengi wanaojiita mafundi hawaijui herufi hiyo moja.

MNADAI NINI KWA MWAJIRI

Katika vikao na menejimenti, wajumbe wengi huuliza kama kuna nakala. Hujibiwa ndiyo, na shauri linaishia hapo. Ulizeni namna nyingine. Mara ya mwisho kumbukumbu za mishahara zilirudishwa lini kutoka katika nakala, zikafunguliwa na kusomwa? Nani alikuwapo? Namba ya mwisho ya chombo ilikuwa ngapi? Onyesheni karatasi. Meneja asiye na karatasi hana jaribio, hata awe na mashine ya thamani kiasi gani.

Na mchumaji mmoja mmoja aendelee kuhifadhi vijikaratasi vyake vya mizani. Siku ambayo kumbukumbu zitakuwa zimekufa kweli, na siku hiyo huja, vijikaratasi hivyo ndivyo vitakavyowekwa mezani mbele ya afisa wa kazi.

Sisi katika tawi tumeweka daftari la kawaida la mistari, la shilingi chache, kando ya kompyuta. Kila robo mwaka watu wawili huvunja ghala la bandia na kulitengeneza. Huandika tarehe, toleo la chombo, namba ya nakala ya ubao, namba iliyotolewa na echo, na kama cmp ilinyamaza. Wote wawili hutia sahihi. Robo hii zamu ni ya mjumbe wa akina mama na kijana mmoja wa idara ya kufungasha, ambaye mpaka mwaka jana hakuwa amegusa kibodi.